Nyutoni Themanini kwenye Mguu wa Baba

Nyutoni niliijua kwa kichwa muda mrefu kabla sijaielewa. Nikiwa kidato cha tatu, ungeniamsha usingizini ukaniuliza, ningekutajia bila kukwama: nyutoni moja ni kani inayokiongezea kitu cha kilo moja mwendo wa mita moja kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Mwalimu wetu pale Makere alifundisha vizuri, sina la kumlaumu. Kwenye mtihani swali hilo nililipata lote. Ila nilikuwa nimeimeza nyutoni kama dawa ya minyoo, bila kutafuna, na ikakaa tumboni hivyo hivyo mpaka baba alipovunjika paja.

Baba alikuwa anateremsha baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Kwetu baiskeli ya mzigo haipandwi. Inasukumwa, na kwenye mteremko unaizuia kwa kuegemea nyuma na kukita visigino. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu ulikuwa utelezi mtupu, kisigino kikamponyoka. Baiskeli na ndizi zake vikamlalia. Majirani wakambeba hadi barabarani, gari likapatikana, na jioni ile tukawa wodini Kasulu.

Asubuhi yake daktari wa mifupa alikuja kutueleza. Alikuwa kijana mpole, anaongea taratibu, na akikuona hujaelewa anarudia bila kununa. Alisema mfupa wa paja umekatika katikati, lakini shida kubwa si mfupa, ni nyama zinazouzunguka. Nyama za paja zina nguvu sana, na kazi yake kila siku ni kuvuta. Mfupa ukiwa mzima unazihimili. Ukikatika, hakuna tena wa kuzizuia. Zinajivuta, na vipande viwili vya mfupa vinapandana kimoja juu ya kingine. Ukiuacha hivyo unapona, lakini unapona ukiwa mfupi.

"Mfupi kiasi gani?" mama akauliza.

Daktari akaweka vidole vyake vitatu juu ya shuka, akafikiri, akaongeza cha nne. Atatembea, akasema, lakini atachechemea maisha yake yote.

Mama alimtazama baba, na mimi nilijua anachokiona. Shamba letu lote liko kwenye mteremko. Hakuna kona hata moja ya kusimama sawasawa. Muhogo, maharage, ndizi, kila tulichokula na kila kilichotuvisha kilishuka kwenye ule mteremko, baba ameegemea nyuma na baiskeli yake. Mtu mwenye mguu mmoja mfupi angeweza kukaa nyumbani na kusalimia wapita njia, basi. Kuwekewa chuma kwa upasuaji kulimaanisha kwenda Mwanza, na uwezo huo hatukuwa nao.

Kwa hiyo baba alivutwa. Sina neno jingine. Walimpitishia chuma chembamba kwenye mfupa chini ya goti, wakafunga kamba, kamba ikapita juu ya kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, miguuni pa kitanda, na mwisho wake wakaning'iniza dumu la njano la mafuta ya kupikia lenye lita nane za maji. Upande wa miguuni wakakiinua kitanda kwa matofali, ili mwili wa baba usiburutwe ukalifuata dumu. Nilipoona kile chuma kimeingia huku kimetokea huku, niligeuka nikatazama ukutani. Mama alisogea karibu, akainama kukiangalia vizuri.

Masharti yalikuwa machache. Dumu lisiguse sakafu. Lisiguse kitanda. Lisinyanyuliwe, mchana wala usiku, mpaka mfupa ushikane. Mama, ambaye shule aliiacha mapema kwenye hekaheka za wazazi wake kuikimbia Burundi, alimuuliza daktari maswali ambayo mimi msomi wa nyumba sikuwa nimeyawaza. Nikimwosha mgongo? Nikimgeuza? Nikiongeza maji kidogo apone upesi? Daktari akacheka kwa hilo la mwisho, akamwambia la: ukizidisha, vipande vya mfupa vitaachana na havitashikana. Ni kiasi hicho hicho, wala zaidi wala pungufu. Mama akaitikia kwa kichwa, na kuanzia hapo akalikagua lile dumu kila alipopita, kama mtu anavyokagua chungu kilichoko motoni.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu watu wetu. Huku kwetu, ukikutana na mtu mwenye mzigo kichwani amesimama, huulizi. Unamtua. Unashika kuni zake au gunia lake upande mmoja, yeye upande mwingine, mnaliteremsha, anapumua. Hata mliogombana, hata msiosalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba, akikwambia "nitue" unamtua kwanza, ugomvi baadaye. Ukimpita mtu na mzigo wake, habari zako zitafika nyumbani kabla yako. Tunafundishwa hivyo tangu wadogo, na mimi naipenda sana desturi hii.

Bibi, mama yake baba, alifika kutoka Mabamba mguu ukiwa umevutwa kwa muda wa kutosha na picha mpya imeonyesha mifupa imekaa vizuri. Alikuja bila taarifa, amechoka na safari, ana kuku mkononi. Mimi na mama tulikuwa nje kwenye banda la kupikia ndugu wa wagonjwa, tunasonga ugali. Bibi akaingia wodini peke yake. Akamkuta mwanawe wa kwanza amelala chali, chuma kimempita mguuni, na dumu la maji limefungwa kwenye chuma hicho likimning'inia.

Basi akamtua. Ungetegemea afanye nini? Alivuta kigoda, akalibeba dumu kwa mikono yote miwili, akaliweka juu ya kigoda taratibu. Kamba ikalegea. Kisha akakaa kitandani, akamshika mwanawe mkono na kuanza kumpa habari za nyumbani.

Tulipoingia na sufuria tulimkuta ametulia kabisa, anatabasamu. Baba naye alikuwa anatabasamu, ila jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na paja lilikuwa limeanza kurukaruka lenyewe chini ya shuka. Mama aliona kigoda. Akaweka sufuria chini, hakupiga kelele, akaenda kumwita daktari. Baba alipoanza kulia kwa maumivu, bibi alituuliza sisi tumemfanya nini.

Baadaye mama alimuuliza baba kwa nini hakukataa. Baba akamjibu, "Ningemwambiaje mama yangu asinitue?" Na kweli, angemwambiaje?

Picha ilipigwa tena. Mifupa ilikuwa imepandana upya. Daktari hakumgombeza mtu, na hilo lilinitisha zaidi ya kugombezwa. Alisema tunaanza mwanzo. Alisema pia kwamba mfupa hautusubiri sisi: umekwisha kuanza kujiunga, na ikitokea mara nyingine utajiunga popote ulipo. Hapo hatakuwa na la kufanya.

Bango la "USIGUSE" lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Watu walilisoma, wakaona linawahusu watoto. Na wageni walikuwa njiani: majirani wa Makere, kwaya ya kanisa, ndugu wa upande wa Kumsenga, kila mmoja na huruma yake na mikono yake miwili. Mama hakuweza kulala mlangoni. Zaidi ya yote, bibi alikuwa amebaki, na hakuwa amekubali. Alisema waziwazi kwamba mtoto wake aliumia kwa sababu ya lile dumu, si kwa sababu ya kutuliwa, na kwamba kitu kinachoning'inia tu pale bila kwenda mbele wala nyuma hakifanyi kazi yoyote zaidi ya kumtesa. Kwetu mkwe hamwambii mama mkwe kwamba amekosea. Hilo halipo.

Mama akaniita barazani. "Wewe unasoma haya mambo," akasema. "Nieleze mimi, ili nimweleze yeye. Lile dumu linafanya nini?"

Nikajikohoza. Nikamtolea nyutoni yangu nzima nzima, kilo, mita, sekunde, kila sekunde.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Kila sekunde mwendo unaongezeka," akasema. "Sawa. Lile dumu limeongeza mwendo tangu lini? Mbona halijafika Kigoma?"

Nilikasirika. Nilikasirika hasa, kwa sababu mimi na bibi tulikuwa sawasawa: wote wawili tuliamini kani ni kitu cha kusogeza, na kisiposogea basi haipo. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa nimepata alama. Nikamwambia mama haya ni mambo ya kitabuni, hayaendani na dumu la mafuta. Mama akauliza swali jingine, taratibu, anajiuliza mwenyewe: "Bibi yako aliondoa nini? Maji hakumwaga hata tone. Yalikuwa yale yale lita nane, kwenye kigoda. Sasa kilichoondoka ni nini?"

Nimesoma sana tangu siku ile, na leo ninafundisha fizikia, na sijasikia swali zuri kuliko hilo.

Nilichukua dumu letu la kuchotea maji, la ukubwa ule ule, nikalijaza lita nane. Nikalifunga kamba, kamba nikaipitisha juu ya bomba la kizuizi cha baraza, nikashika mwisho wake. Dumu likaning'inia upande wa pili, limetulia. Haliendi popote. Lakini mikono yangu ilijua. Kidogo kidogo viganja vikaanza kuwaka, mabega yakaanza kutetemeka, na dumu bado limetulia kimya. Nikalegeza mara moja tu, na papo hapo likaanza kushuka, polepole kwanza, kisha mbio, kisha mbio zaidi, likajibamiza kwenye nyasi. Hapo ndipo ile "kila sekunde" ilipokuwa. Haikuwa imepotea. Ilikuwa inazuiwa na mimi.

Nikalifunga tena na tena kama mwendawazimu, mama ananitazama. Nyanya moja ya kawaida kiganjani inakubonyeza kwa karibu nyutoni moja. Kilo moja ya maji, karibu nyutoni kumi. Lita nane, karibu themanini. Dunia ililivuta dumu kwa nyutoni themanini na mimi nikavuta themanini, na kwa sababu tulilingana, dumu halikusogea, nikadhani hakuna kitu. Na lile la wodini, upande wa pili wa kamba yake, alikuwa anavuta nani? Paja la baba. Zile nyama zilizotaka kupandisha mfupa.

Kisha nikaliweka dumu juu ya ukingo wa baraza. Kamba ikalegea mkononi mwangu. Ndani kilo zilikuwa nane vilevile. Mkononi mwangu nyutoni zilikuwa sifuri.

"Mama," nikamwambia, "bibi hakuondoa kilo hata moja. Aliondoa nyutoni zote."

Mama akaishika kamba mwenyewe. Akalining'iniza dumu kwa muda mrefu kuliko mimi, amefumba macho. Alipolishusha alisema, "Kwa hiyo wanavutana. Hakuna anayeshinda, na mfupa unapona katikati." Akafuta mikono kwenye kitenge chake, akaenda kumtafuta bibi.

Mimi ningemletea bibi lile dumu na kumwambia shika uone. Ndiyo maana mambo ya heshima sikuachiwa mimi. Mama alikunja magoti mbele ya mama mkwe wake, akamsalimia kama ndiyo kwanza amefika, kisha akamwambia, "Mama, naomba unisaidie kwa hii kamba." Alikuwa ameshika kamba tupu. Akampa mwisho mmoja, yeye akabaki na mwingine, wakasimama barazani wakitazamana.

"Vuta, mama."

"Nivute kwa nguvu?"

"Kwa nguvu. Usinionee haya."

Bibi alikuwa mkulima maisha yake yote. Alivuta. Mama akavuta. Wakaegemea nyuma wote wawili, mkwe na mama mkwe, kamba imekaza katikati yao, na watu barazani wakaacha walichokuwa wanakifanya. Kamba haikwenda huku wala kule.

"Inakwenda wapi?" mama akauliza, pumzi zinamtoka.

"Haiendi popote."

"Na sisi tunafanya kazi, hatufanyi?"

"Mgongo unaniambia tunafanya," bibi akasema. Watu wakacheka.

Mama hakucheka. "Mama, mimi ni lile paja. Nataka kuondoka na mfupa. Wewe ni dumu, wewe ndiye unayenizuia. Sasa apite mtu mwenye moyo mzuri, aone mzee wa watu unavyohangaika, akupokee kamba, akuweke ukae kwenye kigoda upumzike. Mimi paja nitafanya nini?"

Bibi bado alikuwa anavuta, na niliona mikono yake inaishika kamba kwa nguvu zaidi.

"Utaondoka na mfupa wa mwanangu," akasema.

Akakaa chini pale pale, kamba mkononi. Akalia. Alisema kwa Kiha kwamba amemuumiza mtoto wake kwa mikono yake mwenyewe. Mama akakaa naye chini, akamshika mabega. "Ulifanya kwa huruma, mama," akamwambia. "Hata mimi siku ya kwanza mikono iliniwasha nimtue." Mimi nilisimama pale nikiwaangalia, na moyo wangu ulijaa kwa ajili ya mama yangu. Alikuwa amemwambia mama mkwe kwamba amekosea, na hakuna aliyesikia akilisema.

Kuanzia hapo hakuna mgeni aliyeingia kwa baba kabla ya kupita mtihani wa barazani. Mama aliacha dumu la pili pale limefungwa kwenye kizuizi, na kila aliyekuja alikabidhiwa kamba kwanza, mpaka viganja viwake. Kwaya yote ilishika, wa sauti ya kwanza hadi wa besi. Vijana walitaka kuoneshana nani atadumu, wakasema hii ni noma, wakaingia wodini na adabu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, baba mmoja Mkongomani kutoka kambini Nyarugusu, mguu wake nao ukiwa kwenye kamba, alimwomba mama awapitishe hapo na wageni wake yeye. "Huyu mama iko na akili mingi," alikuwa akimwambia kila anayekuja. Na bibi alihamishia kigoda chake karibu na dumu, akakaa. Mzee mmoja wa kanisa alipotaka kuweka mkono juu ya dumu wakati wa maombi, bibi alimwambia Mungu anasikia hata mikono ikiwa mfukoni.

Mimi nilirudi shule. Nilikuwa nikija kila mwisho wa wiki, na nilimkuta mama amekonda, macho yamemwingia ndani. Alikuwa analala chini ya kitanda, ubavuni mwa dumu, na sista mmoja aliniambia kwamba mtu akigusa kitanda tu usiku mama anaamka. Maji yalipopungua kwa joto aliyaona kabla ya yeyote, akawaita wauguzi waongeze mpaka kwenye alama ya lita nane. Sijawahi kumwona mtu akiangalia kitu kisichosogea kwa makini namna ile. Nilimuuliza kama hachoki. Alisema paja nalo halichoki.

Siku ya kipimo ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo nilikuwepo. Picha ilikuwa imeonyesha mfupa umeshikana. Walitoa chuma, wakamnyoosha baba kitandani, na daktari akachukua utepe wa kupimia, ule ule wa mafundi cherehani. Akapima mguu mzima, kutoka kwenye mfupa wa nyonga hadi kwenye kifundo. Akapima uliovunjika. Akarudia. Hata yule Mkongomani alikuwa ameinuka kwa viwiko. Mimi sikuweza kutazama utepe, nilikuwa natazama uso wa mama, na uso wake haukuwa na kitu kabisa, kama mtu anayesubiri kuhukumiwa.

"Imelingana," daktari akasema.

"Vidole vingapi vimepungua?" mama akauliza. Hakuwa amesikia.

"Hakuna, mama. Imelingana."

Baba alifunika uso kwa mkono. Bibi aliinuka kwenye kigoda chake. Alipapasa miguu ya mwanawe, mmoja kisha mwingine, kutoka juu hadi kwenye vidole, kama alivyofanya nadhani siku alipozaliwa. Kisha akamgeukia mama, ambaye bado alikuwa amesimama pale pale penye kapi, mkono mmoja ameshika kamba isiyo na kitu.

"Mguu huu nilimpa mimi," bibi akamwambia. "Wewe ndiye uliyemrudishia."

Mama akafungua mdomo amjibu kwa heshima, kama alivyomjibu siku zote. Badala yake aliegemeza uso kwenye chuma cha kitanda, akalia kwa sauti mbele ya watu wote.